Manufaa, Raha na Wengi: Istilahi za Bentham na Mill

Waelezao kwa Kiswahili falsafa ya maadili ya Jeremy Bentham (1748–1832), mwanafalsafa wa London, huelekea kulishika neno manufaa. Neno hilo lina udhaifu wake. Alisikiaye hufikiria jembe au dawa, yaani kitu kifaacho kwa kazi fulani, ilhali Bentham alikusudia raha na kuepukana na maumivu. Mwenyewe aliliona tatizo hili katika Kiingereza. Katika tanbihi ya mwaka 1822 juu ya kitabu chake kilichotoka mwaka 1789, alieleza kwamba neno alilolichagua halimwonyeshi msomaji raha na maumivu waziwazi, akaona afadhali kutaja furaha. Kwa hiyo mfasiri ameirithi kasoro hiyo, hakuizua. (Faida lingekuwa neno baya zaidi, kwani limekwisha kuwa mali ya wafanyabiashara.)

Raha na furaha nazo zataka hadhari. John Stuart Mill, katika makala za mwaka 1861, alishikilia kwamba raha hutofautiana kwa ubora, si kwa wingi tu, na kwamba raha za akili huzipita za mwili. Hapo mfasiri hushawishika kuupa mwili raha na akili furaha. Asifanye hivyo. Kwa Mill furaha ni raha pamoja na kukosekana kwa maumivu. Raha ya kusoma utenzi ni raha vilevile.

Kosa zito zaidi limo katika neno wengi. Isemwapo kwamba tendo jema ni lile liletalo furaha kuu kwa watu wengi iwezekanavyo, msikilizaji hukumbuka methali "Wengi wape", akadhani kuwa wachache hawahesabiwi. Mwaka 1829 Bentham alilipinga wazo hilo kwa mfano wa watu 4001 walio sawa. Tuseme 2000 miongoni mwao watiwe utumwani, wao na mali zao wagawiwe wale 2001. Je, furaha itaongezeka? La, itapungua mno. Kwa ajili hiyo aliliacha neno wengi, akabakiza kanuni ya furaha kuu.

Hata hivyo, jumla ni jumla. Iwapo hesabu itaonyesha kwamba mateso ya mtu mmoja yamezidiwa na raha za watu elfu, kanuni yenyewe haina neno la kumkinga mtu huyo. Mill alilijua jambo hili, na sura ya mwisho ya kitabu chake yote inahusu haki.