Maji Yapimwe Kwanza: Kutayarisha Mahindi Kabla ya Kusaga



Kila tunapopita kwenye mashini za kusaga huku Dilala, tunasikia manung'uniko mawili yaleyale. Mama mnunuzi anasema: «Unga iko na maganda, bukari haitoki mweupe.» Mkulima aliyeleta mahindi naye anasema: «Nilileta kilo mia moja, sasa mumeniandikia makumi tisa na ine. Zingine zimeenda wapi?»

Ukiyasikiliza haraka, utafikiri ni mambo mawili mbalimbali. Lakini mzizi ni mmoja: maji yaliyo ndani ya punje. Koperative isiyopima maji hayo inapoteza mnunuzi upande huu na kugombana na mwanamemba upande ule. Katika nakala hii tunaeleza jinsi ya kuyapima, jinsi ya kuongeza kidogo panapohitajika, na jinsi ya kuangalia mashini wakati wa kazi.

Kazi mbili za maji

Kabla ya ghala, maji ni adui. Mahindi yanayokaa miezi kadhaa yanatakiwa kuwa na unyevu wa 13% au chini yake. Yakizidi hapo, joto linapanda katikati ya gunia, ukungu unaamka. Kuna ukungu unaotoa sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hiyo haionekani kwa macho na haimalizwi na moto wa kupika bukari. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa upande wa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa. Walikuwa wamekula mahindi yao wenyewe, yaliyowekwa yakiwa na unyevunyevu. Hatukumbushi hayo ili kutisha watu. Tunayakumbusha kwa sababu wale walikuwa wakulima kama sisi, na chakula chao ni kilekile chetu.

Kabla tu ya kukoboa, maji kidogo yanageuka rafiki. Mahindi ya Mei na mahindi ya Septemba si sawa. Kufikia mwisho wa kiangazi punje imekauka sana, imekuwa kama kioo. Ukiitia kwenye mashini ya kukoboa, ile wengi wanaiita dekortikezi, ganda linavunjika vipande vidogo vinavyochanganyika na unga, na punje yenyewe inapasuka na kutoka na pumba. Maji kidogo yakiingia kwenye ganda, ganda linakuwa laini na gumu kukatika, linatoka kwa vipande vipana, na kiini kinabaki kizima. Hii ndiyo maana ya kulowesha kwa kipimo.

Kupima kabla ya yote

Kipima-unyevu kidogo cha mkononi kinatosha koperative nzima, lakini kinadanganya kikitumiwa vibaya. Zingatia haya:

- Hakikisha kimewekwa kwenye mahindi. Kikiwa kimewekwa kwenye mpunga au soya, namba itatoka, lakini si ya mahindi yako.
- Usipime mahindi yaliyotoka juani sasa hivi. Yaache kivulini yapoe.
- Chukua sampuli sehemu tano za gunia au lundo: juu, chini, katikati na pembeni. Changanya, kisha pima mara tatu na uchukue wastani.
- Mara moja kila msimu, peleka mahindi yaleyale kwenye kipimo cha koperative jirani. Namba zikitofautiana sana, kimoja kinahitaji fundi au betri mpya.

Asiye na kipimo anaweza kutumia chupa na chumvi. Tia mahindi kwenye chupa ya kioo iliyokauka kabisa, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa vizuri, acha dakika 15. Chumvi ikishika kwenye kioo, unyevu umepita 15%, rudisha mahindi kwenye bashi. Chumvi isiposhika, uko chini ya 15%. Njia hii inafaa kwa kupokea mahindi ya mwanamemba, lakini haikuambii kama ni 12% au 14%. Kwa hiyo haitoshi kwa kazi ya kulowesha.

Kusafisha

Chekeche la kwanza litoe mawe na mabua, la pili litoe mchanga na vumbi. Baada ya hapo mahindi yapite juu ya sumaku. Msumari mmoja au kipande cha nati kinatosha kuharibu nyundo na tamisi ya mashini. Sumaku ifutwe kila asubuhi. Ikijaa vyuma haishiki tena.

Hapa kwetu kuna jambo lingine. Malori ya madini yanapita mchana na usiku, na vumbi lake linatua kwenye kila kitu kilichoanikwa kando ya barabara. Usianike mahindi pale. Anika ndani ya kiwanja, juu ya bashi, mbali na njia ya malori.

Punje zilizooza, nyeusi au zenye ukungu wa kijani zitolewe kwa mkono. Zisipewe kuku, na wala zisipelekwe kutengeneza munkoyo. Sumu inamfuata atakayekula au kunywa.

Kulowesha kwa kipimo

Hapa ndipo tunasikia neno linaloharibu kazi: «Tia mayi kidogo, inatosha.» Kidogo ya nani? Mwendesha mashini wa asubuhi anatia kopo mbili, wa mchana anatia nne, na unga wa siku moja unatoka wa aina mbili.

Hesabu si ngumu. Lengo letu kabla ya kukoboa ni 16%. Kwa gunia la kilo 50:

- mahindi yenye 12% yanahitaji lita 2.4 za maji;
- yenye 13% yanahitaji lita 1.8;
- yenye 14% yanahitaji lita 1.2;
- yenye 15% yanahitaji lita 0.6;
- yenye 16% hayahitaji maji kabisa. Hayo hayakukaushwa vizuri. Yasirudi ghalani hivyo.

Kwa uzito mwingine, fanya hivi: toa unyevu wa sasa kwenye 16, zidisha na kilo za mahindi, gawanya kwa 84. Jibu ni lita za maji. Mfano: kilo 100 zenye 13%. 16 toa 13 ni 3. 3 mara 100 ni 300. 300 gawanya kwa 84 ni lita 3.6 hivi. Andikeni namba hizi kwa rangi ukutani, karibu na mashini.

Maji yawe ya kunywa, maana yanaingia kwenye chakula. Mito kama Musonoi na Luilu inapita kwenye eneo la machimbo. Maji yake yasiguse mahindi. Tumieni maji ya bomba au ya kisima kinachojulikana, yaliyochemshwa au kutiwa klorini.

Pipa safi la lita 200 lililowekwa kwenye mhimili na kuzungushwa kwa mkono linafanya kazi hii vizuri. Lisiwe pipa lililobeba mazutu au dawa, hata kama limeoshwa mara kumi. Tia kilo 50, nyunyiza maji polepole huku mwenzako akizungusha, endeleeni kwa dakika chache mpaka hakuna punje inayong'aa kwa maji wala punje iliyobaki kavu. Pasipo na pipa, sakafu safi ya sementi na koleo vinatosha.

Halafu acha mahindi yapumzike. Kwa mashini ndogo za kukoboa, kwa kawaida ni dakika 10 hadi 30. Pungufu ya hapo, maji yako bado juu ya ganda tu. Yakikaa sana, maji yanaingia hadi kiini, punje yote inalainika, na unga unatoka umelowa. Kila mashini ina tabia yake. Jaribuni hivi: loweshani kilo 15, gawanyeni mara tatu, koboeni ya kwanza baada ya dakika 10, ya pili baada ya 20, ya tatu baada ya 30. Linganisheni pumba. Dakika zilizoshinda ndizo za mashini yenu.

Onyo moja: msipime kwa kipima-unyevu mara tu baada ya kunyunyiza. Kitasoma maji ya juu ya ganda na kutoa namba kubwa ya uongo. Pimeni kabla, kisha aminini hesabu.

Kuangalia mashini ikifanya kazi

Mwendesha mashini mzuri anatumia mikono, masikio na macho. Kila baada ya magunia machache aangalie:

- Pumba. Ikitoka vipande vipana, kazi ni nzuri. Ikitoka kama vumbi lenye vipande vyeupe, mahindi ni makavu sana au mashini imekazwa kupita kiasi. Pale mnapoteza unga ambao mngeuza.
- Unga. Finya konzi moja. Ukishikamana kama udongo, maji yamezidi. Kanuni ya kimataifa ya Codex haikubali unga wa mahindi wenye unyevu uliopita 15%, na ule utakaokaa unatakiwa kuwa chini zaidi.
- Tamisi. Ikiziba mara kwa mara, msibadilishe tamisi kwanza. Rudini kwenye maji.
- Sauti na joto. Mashini ikilia kwa shida au mkanda ukinuka, punguzeni mahindi yanayoingia. Msiondoe kitu kwa mkono mashini ikizunguka, hata ikiwa ni punje moja.

Unga ukitoka ni wa moto. Msifunge gunia palepale. Ukifungwa ungali moto, unatoa jasho ndani ya mfuko na baada ya siku chache una harufu. Uacheni upoe kwanza.

Umeme ukikatika

Sote tunajua, SNEL haitoi taarifa. Kwa hiyo kanuni ni hii: loweshani gunia moja moja, lile tu litakalokobolewa sasa. Msiloweshe magunia kumi asubuhi ili «kazi iende mbio». Umeme ukikatika na gunia tayari limelowa, litandazeni mara moja juu ya bashi safi, jembamba, lipate hewa, mkiligeuzageuza mpaka likauke. Mahindi yaliyoloweshwa yasilale ndani ya gunia hata usiku mmoja.

Kaye na haki ya kilo

Sasa turudi kwa yule mkulima wa kilo 94. Alileta kilo 100 zenye unyevu wa 18%. Ndani yake kilo 82 ni mahindi yenyewe na kilo 18 ni maji. Yakikaushwa hadi 13%, zile kilo 82 zinakuwa sehemu 87 kati ya 100, na mizani inasoma kilo 94 na robo. Hakuna aliyeiba. Kilichoondoka ni maji. Lakini kama hakuna aliyepima mbele yake siku alipoleta, ana haki ya kushuku.

Vilevile upande wa pili: maji tunayoongeza kabla ya kukoboa yanaongeza uzito. Kilo 100 zinakuwa 103.6. Kilo hizo si za mwendesha mashini wala si za koperative. Ni maji. Bei na malipo vihesabiwe kwa uzito wa kabla ya kulowesha, na mnunuzi asiuziwe maji kwa bei ya unga.

Kwa hiyo kila mashini iwe na kaye yenye safu hizi: tarehe, jina la mwenye mahindi, kilo, unyevu alipoleta, maji yaliyoongezwa, dakika za kupumzika, kilo za unga, kilo za pumba, na sahihi mbili, ya mwendesha mashini na ya mwenye mahindi. Asiyejua kuandika apige kidole. Kaye isomwe mbele ya wote kwenye mkutano wa kila mwezi.

Tunapendekeza kamati zichague watu wawili kwa kila mashini, mmoja wa kupima na mmoja wa kuandika, na wamama wanaouza unga wawemo, maana wao ndio wanaosikia mnunuzi kwanza. Tukipita tena, tutaomba kuona kaye kabla ya kuona mashini.