Jeli ya Kung'arisha Meno: Iliyo Kali Siyo Iliyo Bora

Vijana wa vikundi vyetu hapa Kinna wametuuliza mara nyingi: hii dawa ya kung'arisha meno inafanya kazi kweli, na je, haiharibu meno? Swali si la mchezo. Msichana anayeziba mdomo kwa mkono kila akicheka hana raha, na mtu asiye na raha hununua chochote anachoonyeshwa sokoni.

Tuanze na dawa yenyewe. Jeli ya daktari wa meno ina haidrojeni peroksaidi, au ndugu yake kabamaidi peroksaidi, ambayo ikilowa hutoa ile ya kwanza pole pole. Peroksaidi hupenya ganda gumu la jino, huvunja rangi iliyonata ndani, halafu yenyewe hugeuka maji na oksijeni. Haikwangui. Majivu, mchanga na makaa ya kusaga ndiyo hukwangua, na ganda la jino likishaisha haliwezi kuota tena.

Wengi hudhani jeli kali ndiyo nzuri. Sivyo. Jeli ya kabamaidi ya asilimia 10 hutoa peroksaidi kama asilimia 3.5 hivi. Lakini ikivaliwa usiku, ndani ya kifuniko kilichopimwa kwa meno ya mwenyewe, baada ya wiki chache weupe wake hukaribia ule wa jeli kali inayopakwa kliniki kwa dakika chache. Njia hii ilielezwa na Haywood na Heymann, madaktari wa meno wa Marekani, mwaka 1989, na bado inatumika. Ile kali ikigusa ufizi huuchoma, ndiyo maana daktari huufunika kwanza.

Kuna mengine. Jeli yenye uchachu mwingi hulainisha jino, kwa hivyo iliyotengenezwa vizuri haina uchachu. (Ndimu basi tuiachie supu!) Huwa nzito ili isiteleze kooni. Huongezwa potasiamu naitreti ya kutuliza meno yanayosisimka kwa maji baridi. Tena peroksaidi huharibika kwa joto. Mrija uliokaa mezani sokoni kutwa nzima, kwa jua letu hili, hujui umebaki na nini.

Umoja wa Ulaya uliweka masharti yaliyoanza kutumika mwaka 2012: jeli ya zaidi ya asilimia 0.1 mpaka 6 iuzwe kwa madaktari wa meno tu, mara ya kwanza itumike mbele ya daktari, na wasipewe walio chini ya miaka 18. Sisi tunaona ni kipimo kizuri hata kwetu. Jeli isiyoandikwa asilimia, mrudishie mwenyewe. Na jino lenye tundu litibiwe kwanza, maana dawa itaingia mpaka kwenye mshipa.

Lakini rangi imetoka wapi? Ya chai, miraa au tumbaku ikiwa juu juu, daktari huisafisha bila jeli. Kahawia iliyotoka na jino lenyewe tangu utotoni mara nyingi ni ya maji. Maji yenye floraidi nyingi huharibu jino likiwa bado linajengwa ndani ya ufizi, tangu mtoto azaliwe mpaka karibu miaka 8. Jeli yaweza kupunguza kahawia hiyo, ila madoa meupe hubaki, na pengine mwanzoni yakaonekana zaidi.

Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Floraidi haionekani, na kuchemsha hakuiondoi. Maji yakipungua sufuriani inazidi. Visima viwili jirani vyaweza kutofautiana kabisa, hivyo msikisie. Huko Nakuru, Dayosisi ya Kikatoliki ilianza miaka ya 1990 kuchuja maji kwa makaa ya mifupa, na yanafaa kwa kazi hiyo. Maji ya mvua karibu hayana floraidi. Kama tangi ni dogo, wanywe kwanza watoto wadogo.

Kikundi chenye akiba kidogo, sisi tungeanza na kupima kisima kabla ya kununua jeli hata moja. Chukueni maji kwa chupa safi ya plastiki, siyo ya kioo, andikeni jina la kisima na tarehe, na mwulize ofisi ya maji Isiolo yapelekwe wapi. Anayetaka kung'arisha meno aulize hospitali ya Isiolo au ya Maua kama daktari wa meno yupo, kabla ya kulipa nauli.