Mkonge: Jani, Korona na Suala la Umilikaji

Katika madarasa ya siasa tunaulizwa mara kwa mara: mkulima mwenye ekari zake mwenyewe za mkonge aweza vipi kuendelea kuwa mnyonge? Jibu lianzie kwenye jani lenyewe.

Kilo 100 za majani hutoa kilo 4 hivi tu za singa. Zinazobaki ni maji na makapi. Kwa hiyo kulisafirisha jani mbali ni hasara. Tena likishakatwa halingoji. Lisiposindikwa katika siku moja au mbili huanza kukauka, nyama yake hung'ang'ania singa, na singa hushuka daraja. Korona ndiyo mashine inayoliponda na kuliparua kwa maji mengi. Kuanika, kupiga brashi na kufunga marobota ni kazi zinazoweza kusubiri, korona haisubiri. Mwenye pamba aweza kuiweka ghalani akitafuta bei. Mwenye mkonge hawezi.

Ndiyo maana zao hili lilizaliwa mikononi mwa mabepari. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Mwaka 1893 iliyofika hai ni 62 tu. Kutokana na hiyo yalienea mashamba makubwa yenye korona zao na reli zao, yakilimwa na manamba walioletwa kutoka mbali, na tangu 1944 kupitia SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya kuajiri vibarua. (Jina lenyewe linatosha: mtu alikuwa namba.) Mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 200,000. Mashamba mengi yalitaifishwa baada ya Azimio la Arusha, 1967, na nyuzi za viwandani nazo ziliangusha bei. Wengi huishia hapo, wakailaumu nailoni. Kwa maoni yetu hiyo ni nusu ya habari.

Mwaka 1999 ulianza mkoani Tanga mpango wa kuwagawia wakulima wadogo viwanja ndani ya mashamba ya zamani. Ni hatua ya maana. Lakini mkonge huchukua karibu miaka mitatu kabla ya mkato wa kwanza, na muda huo palizi hulipwa kwa mkopo. Jani likiiva, ikiwa korona ni ya mwingine, huyo ndiye apangaye siku ya kukata, kipimo na makato. Mkulima huwa kibarua anayejilipia palizi.

Na zile kilo 96? Hale, wilayani Korogwe, ulijengwa mtambo wa kuzalisha umeme kwa gesi ya makapi ya mkonge. Kumbe kilichokuwa kikitupwa ni mali. Kada anayehudhuria mkutano wa ushirika wa mkonge na aulize kwanza korona ni ya nani, vipuri vyake hununuliwa kwa fedha ya nani, na makapi yameandikwa ukurasa gani wa daftari.