Ukungu wa mandharinyuma

Ukungu wa mandharinyuma katika upigaji picha ni hali ambapo sehemu iliyo nyuma ya mhusika wa picha haionekani vizuri, ilhali mhusika mwenyewe anaonekana waziwazi. Hutumika hasa katika picha za watu, wanyama, maua na bidhaa, ili jicho la mtazamaji liende moja kwa moja kwa mhusika.

Ukungu huu hupatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya kamera yenyewe: lenzi huutengeneza wakati picha inapopigwa. Ya pili ni ya uhariri: programu ya kompyuta au ya simu huuongeza baadaye juu ya picha ambayo awali ilikuwa wazi kote. Matokeo yanaweza kufanana kwa mtazamo wa haraka, lakini asili yake ni tofauti. Ukungu wa lenzi hufuata umbali halisi wa kila kitu kutoka kwa kamera. Ukungu wa programu hufuata makadirio ya umbali huo, na makadirio yakikosewa, picha nayo hukosewa.

Ukungu wa mandharinyuma haufai kuchanganywa na ukungu unaosababishwa na mwendo, yaani pale mhusika anapokimbia au mkono wa mpiga picha unapotikisika.

Jinsi lenzi inavyotengeneza ukungu

Lenzi ya kamera hukusanya miali ya mwanga inayotoka katika kila nukta ya kitu na kuikutanisha tena nyuma yake. Kitu kikiwa kwenye umbali ambao lenzi imelengwa, miali yake hukutana juu ya kihisi cha kamera (au juu ya filamu katika kamera za zamani), na picha yake huwa kali. Kitu kikiwa mbali zaidi ya hapo, miali yake hukutana kabla ya kufika kwenye kihisi, kisha huanza kutawanyika. Kikiwa karibu zaidi, miali hufika kwenye kihisi kabla haijakutana. Katika hali zote mbili, nukta moja ya kitu hugeuka kuwa duara dogo kwenye picha. Maduara mengi ya namna hiyo yanapopandana ndipo ukungu unapoonekana.

Duara likiwa dogo sana, jicho la binadamu huliona kama nukta. Kwa sababu hiyo kuna eneo fulani mbele na nyuma ya mhusika ambalo bado linaonekana kali. Urefu wa eneo hilo huitwa kina cha ukali. Kina kikiwa kifupi, mandharinyuma hupata ukungu mwingi. Kikiwa kirefu, karibu kila kitu huonekana wazi.

Mambo makuu yanayoamua kiasi cha ukungu ni haya:

- Ukubwa wa tundu la lenzi. Tundu pana hutoa ukungu mwingi.
- Urefu wa fokasi wa lenzi. Lenzi ndefu hukuza mandharinyuma pamoja na maduara yake ya ukungu.
- Umbali kati ya kamera na mhusika. Kadiri mpiga picha anavyomsogelea mhusika, kina cha ukali hupungua.
- Umbali kati ya mhusika na mandharinyuma. Mtu aliyeegemea ukuta hawezi kutenganishwa na ukuta huo. Akisogea mbele mita kadhaa, ukuta huanza kufifia.

Ukubwa wa tundu hutajwa kwa namba ya f, ambayo ni urefu wa fokasi uliogawanywa kwa kipenyo cha tundu. Lenzi ya milimita 50 iliyowekwa kwenye f/2 ina tundu la milimita 25. Ikiwekwa kwenye f/8, tundu ni milimita 6.25 tu. Namba ikiongezeka, tundu hupungua, jambo ambalo huwachanganya wanafunzi wengi wanaoanza.

Mfano wa hesabu

Chukua kamera yenye kihisi cha ukubwa wa filamu ya milimita 35, lenzi ya milimita 50, na mhusika aliyesimama mita 2 kutoka kwenye kamera. Kwa kipimo cha kawaida cha ukali, tundu la f/2 hutoa kina cha takriban sentimita 19. Uso na kichwa cha mhusika vitakuwa wazi, lakini miti iliyo nyuma yake itayeyuka. Tundu likipunguzwa hadi f/8, kina hufika takriban sentimita 80.

Sasa chukua simu yenye lenzi ya milimita 4 na tundu la f/2. Kipenyo halisi cha tundu ni milimita 2 tu. Mhusika akiwa mita 2 kutoka kwenye simu hiyo, vitu vyote kuanzia karibu mita 1 hadi mbali kabisa vitaonekana vikali. Namba ya f ni ileile ya kamera kubwa, lakini ukungu haupo. Simu ni nyembamba mno kubeba lenzi ndefu yenye tundu pana, na hiyo ndiyo sababu kubwa iliyofanya ukungu wa programu uhitajike.

Jinsi programu inavyotengeneza ukungu

Njia ya zamani zaidi katika uhariri ni ya mkono. Mhariri huchora mpaka kumzunguka mhusika, humtenga, kisha hutia ukungu sehemu iliyobaki. Aina ya ukungu inayotumika sana ni ile iitwayo ukungu wa Gauss, kutokana na jina la mwanahisabati Mjerumani Carl Friedrich Gauss. Kila pikseli hupewa wastani wa rangi yake na za jirani zake, na zilizo karibu huhesabiwa kwa uzito mkubwa kuliko zilizo mbali. Zana hii imo katika programu za kulipia kama Photoshop na za bure kama GIMP.

Njia ya simujanja huanza kwa kuunda ramani ya kina, yaani picha ya pili inayoonyesha umbali unaokadiriwa wa kila pikseli. Ramani hiyo hupatikana kwa namna kadhaa:

- Kamera mbili zilizo kando kwa kando hulinganisha picha zake. Kitu kilicho karibu huonekana kuhama zaidi kati ya picha hizo, kama kidole kinavyoonekana kuhama mtu anapofumba jicho moja kisha jingine.
- Kihisi kimoja ambacho kila pikseli yake imegawanywa sehemu mbili hutoa picha mbili zilizopishana kwa takriban milimita 1 tu, ambazo hulinganishwa vilevile.
- Mwanga wa infraredi hurushwa kwa mhusika na kupimwa unaporudi.
- Programu ya akili mnemba, iliyofunzwa kwa picha nyingi, hutambua mtu yuko wapi katika picha hata pasipo kipimo cha umbali.

Baada ya hapo programu hutia ukungu kidogo au mwingi kulingana na ramani. Simu nyingi hutunza ramani pamoja na picha, hivyo mtumiaji anaweza kuongeza, kupunguza au kuondoa ukungu hata siku nyingine.

Historia

Katika miongo ya kwanza ya upigaji picha, ukungu haukuwa mtindo bali tatizo la vifaa. Bamba za picha zilihitaji mwanga mwingi, hivyo lenzi zilitengenezwa na matundu mapana. Mwaka 1840 Joseph Petzval alibuni lenzi ya picha za watu iliyopitisha mwanga mwingi kuliko zilizotangulia. Sehemu ya kati ya picha yake ilikuwa kali na kingo zake zilikuwa na ukungu.

Nchini Uingereza Julia Margaret Cameron, aliyeanza kupiga picha mwaka 1863, aliufanya ukungu kuwa sehemu ya sanaa yake. Baadhi ya wakosoaji wa wakati wake walimlaumu kwamba hajui kulenga lenzi. Mwaka 1932 wapiga picha wa California, miongoni mwao Ansel Adams na Edward Weston, walichukua msimamo ulio kinyume: walitaka picha iwe kali kuanzia mbele hadi nyuma, na wakakiita kikundi chao f/64 kutokana na tundu dogo sana la lenzi.

Katika sinema, Stanley Kubrick alitumia lenzi za Zeiss zenye tundu la f/0.7 kupiga matukio yaliyomulikwa kwa mishumaa katika filamu ya Barry Lyndon ya mwaka 1975. Kina cha ukali kilikuwa kifupi mno, hivyo waigizaji walilazimika kutosogea sana.

Mwaka 1997 jarida la Marekani la Photo Techniques lilichapisha makala kuhusu sura ya ukungu wa lenzi na kueneza neno bokeh, linalotokana na neno la Kijapani lenye maana ya ukungu. Ukungu wa programu kwenye simu ulianza kuenea mwaka 2014 kupitia simu ya HTC One M8 na programu ya kamera ya Google. Mwaka 2016 iPhone 7 Plus iliutoa kwa kutumia kamera mbili, na mwaka 2017 Pixel 2 iliutoa kwa kamera moja tu.

Namna ya kutofautisha

Picha yenye ukungu wa programu mara nyingi hutambulikana kwa alama zifuatazo.

Kingo. Nywele zilizotimka, ushungi wa kitambaa chepesi, miwani, glasi ya maji na matundu ya uzio ni vigumu kupimiwa umbali. Programu huweza kukata nywele kama kwa mkasi, au kuacha kipande cha mandharinyuma kikiwa wazi kati ya mkono na kiuno.

Ardhi. Lenzi hufifiza ardhi polepole: majani yaliyo miguuni pa mhusika huwa wazi, yanayofuata hufifia kidogo, ya mbali hufifia zaidi. Picha iliyokatwa kwa mkono kisha kutiwa ukungu wa kiasi kimoja humfanya mhusika aonekane kama amebandikwa.

Taa. Taa ya mbali iliyopigwa kwa lenzi hugeuka duara angavu lenye ukingo, au umbo la pembe kadhaa kutokana na visahani vinavyofunga tundu. Ukungu wa Gauss huigeuza kuwa doa hafifu, kwa sababu mng'ao halisi wa taa haukuhifadhiwa kikamilifu katika faili.

Mpaka wa rangi. Picha nzima ikitiwa ukungu kabla mhusika hajaondolewa, rangi yake humwagika nje na kumzunguka kama utepe wa mwanga. Wahariri makini kwanza hujaza nafasi ya mhusika kwa rangi za mandharinyuma.

Chenga. Picha iliyopigwa penye mwanga hafifu huwa na chenga kote. Programu ikilainisha mandharinyuma, chenga hubaki kwa mhusika peke yake.

Faida na mapungufu

Ukungu wa lenzi ni sahihi kwenye kila unywele na hauhitaji kazi ya baadaye. Hata hivyo lenzi zenye tundu pana ni ghali na nzito, na kosa dogo la kulenga halisahihishwi kwa urahisi: masikio yakiwa makali na macho yakiwa na ukungu, picha imeharibika. Maelezo ambayo lenzi haikuyanasa hayamo katika faili.

Ukungu wa programu hauna gharama ya lenzi, na picha ya awali inaweza kutunzwa. Umewapa watu wenye simu pekee picha ambazo zamani zilihitaji kamera kubwa. Udhaifu wake ni makosa ya makadirio. Ni busara kutunza nakala isiyohaririwa.

Suala la ukweli

Katika sanaa, harusi na matangazo, kuchagua njia yoyote ni suala la ladha. Katika habari mambo ni tofauti. Mpiga picha wa habari anayefungua tundu la lenzi huamua kabla ya tukio nini kionekane wazi. Anayetia ukungu baadaye huondoa kitu ambacho kamera ilikwisha kukiona. Anaweza kufuta bango, silaha au mtu aliyesimama nyuma, na msomaji asijue. Shirika la habari la Associated Press, katika kanuni zake za picha, linakataza kutia ukungu mandharinyuma kwa njia ya kidijitali.

Tahadhari nyingine inahusu faragha. Ukungu mwepesi juu ya uso, namba ya gari au maandishi hausitiri vya kutosha, kwa kuwa sehemu ya taarifa hubaki na wakati mwingine inaweza kusomeka au kukisiwa. Simu ikiwa imetunza picha ya awali ndani ya faili, ukungu unaweza hata kuondolewa. Anayetaka kuficha kitu kweli hukifunika kwa rangi moja isiyopenyeka, kisha hutoa nakala mpya ya picha.