Nambari Isiyogawanyika na Kumbukumbu za Utumishi

Askari aliyewahi kupiga gwaride katika uwanja wa Kololo, hapa Kampala, anaijua hesabu tutakayoieleza leo, hata kama hakuisoma darasani.

Askari 36 hupangika katika safu 2, 3, 4 au 6 zilizo sawa. Akiongezeka mmoja wakawa 37, sajini atahangaika bure: kila awapangapo, safu moja itazidi au itapungua. Nambari ya namna hiyo huitwa tasa, kwa kuwa haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe.

Nambari tasa kubwa tunayotaka kuieleza ni 2,147,483,647. Hupatikana kwa kuzidisha pamoja mbili zipatazo 31, kisha kutoa 1. Mwaka 1772 Leonhard Euler, bingwa wa hesabu aliyeishi Urusi, naye macho yamekaribia kupofuka kabisa, alithibitisha kwamba ni tasa. Je, aliigawanya kwa nambari zote? La. Kwanza, hakuna haja ya kujaribu kigawanyo kinachozidi 46,340, maana mwenziwe ni mdogo, naye angalikwisha kuonekana. Pili, ilijulikana kwamba kigawanyo chochote cha nambari hiyo, kikigawanywa kwa 248, sharti kibakize 1 au 63. Zikabaki nambari zisizofika 400 za kuchunguzwa, na hapana hata moja iliyoigawa.

Yatuhusu nini sisi? Kompyuta nyingi za zamani huhesabu wakati kwa sekunde zilizopita tangu 1 Januari 1970, nayo nafasi ya kuandikia hesabu hiyo hukoma penye nambari hii hii. Itafikiwa Jumanne, 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Kampala. Sekunde itakayofuata, mashine isiyorekebishwa itadhani ni Desemba 1901, mwezi ule ambao reli iliyotoka Mombasa ilifika ufukoni mwa Ziwa Victoria.

Kijana aliyeandikwa kazini mwaka huu aweza kuwa bado katika utumishi siku hiyo. Tarehe yake ya kustaafu ikisomwa kuwa ya 1901, malipo yake ya uzeeni yatahesabiwaje? Ni kweli kwamba mashine mpya nyingi zimekwisha kupewa nafasi kubwa zaidi. Lakini mashine kuukuu huweza kusahauliwa pembeni mwa ofisi, ikiendelea na kazi.

Kwa hiyo twawaomba makarani na maofisa wanaotunza kumbukumbu wasingoje mwaka 2038. Katika nakala ya majaribio, waandike leo tarehe ya kustaafu ya mwaka 2040, waone itasomeka vipi. Palipo na kasoro, parekebishwe. Naye kila askari atunze vema barua yake ya kuandikwa kazini.

Askari hukagua bunduki yake kabla ya doria, si baadaye. Kumbukumbu za utumishi nazo zastahili kukaguliwa mapema.