Kamishna Aliyefunga Uwanja wa Wafanyakazi



Katika mikutano yetu ya matawi, ikifika habari ya polisi na migomo, hakosi ndugu wa kuuliza kwa sauti ya chini: je, si kweli kwamba wakubwa wa polisi na wenye viwanda ni ndugu wa chama kimoja cha siri, Frimasoni? Swali hilo halifai kuchekwa. Tumeona vema kulijibu kwa mfano wa mtu mmoja ambaye mambo yake yameandikwa wazi, nayo yanawahusu wafanyakazi. Naye ni Sir Charles Warren, aliyekuwa Kamishna wa Polisi wa London tangu 1886 hadi 1888.

Warren alizaliwa Bangor, nchi ya Wales, mwaka 1840. Alikuwa mhandisi wa jeshi. Akiwa kijana wa miaka 19 huko Gibraltar, mwaka 1859, aliingizwa katika Frimasoni. Baadaye alichimba Yerusalemu kutafuta mabaki ya kale, kisha akaletwa kusini mwa Afrika kupima mipaka ya nchi za watu. Mwaka 1885 aliongoza askari wapatao 4,000 kwenda Bechuanaland, nchi iitwayo leo Botswana, ikatiwa chini ya himaya ya Waingereza. Huko aligombana vikali na Cecil Rhodes, yule tajiri wa almasi aliyezitamani ardhi za machifu wale. Rhodes naye alikuwa Frimasoni tangu 1877. Mnaona basi: ndugu wawili wa aproni moja, na hawakupatana hata kidogo.

Frimasoni maana yake waashi huru. Mwiko, timazi, bikari na aproni ni vyombo vya fundi wa mawe, na wenyewe husema chimbuko lao ni vyama vya mafundi wa zamani. Lakini kufikia zama za Warren waliojaa ndani ya loji, yaani matawi yao, walikuwa maofisa, wafanyabiashara na mabwana wenye majina. Aproni ilibaki, mwenye vumbi la mawe akawa haba.

Warren hakuwa mwanachama wa jina tu. Alikuwa mkuu wa kwanza wa loji namba 2076 ya London, iliyopewa hati mwaka 1884 kwa kazi ya kuchunguza historia ya waashi kwa ushahidi na si kwa ngano. Ilibidi ingoje hadi Januari 1886 kufunguliwa, maana mkuu wake alikuwa Bechuanaland. Jina lake ni Quatuor Coronati, yaani Wanne Waliovikwa Taji. Hadithi ya kale yasema hao walikuwa mafundi wa kuchonga mawe katika dola ya Roma, wakauawa kwa kuwa walikataa amri ya kuchonga sanamu ya mungu wa kipagani. Mafundi waliokataa amri ya bwana mkubwa! Ndio waliopewa heshima na loji ya mtu huyu.

Mwezi Machi mwaka huohuo akapewa polisi wa London. Kamishna aliyemtangulia alikuwa amejiuzulu baada ya fujo za Februari, watu wasio na kazi walipovunja vioo vya maduka ya matajiri. Serikali ilitaka mkono wa kijeshi, ikaupata.

Mwaka 1887 watu wasio na kazi walikuwa wakikusanyika Trafalgar Square, na wengine wakilala hapohapo. Tarehe 8 Novemba Warren akapiga marufuku mikutano katika uwanja huo. Jumapili tarehe 13 wafanyakazi, wasoshalisti na Waairishi waliotaka mbunge wao William O'Brien atolewe jela waliandamana kutoka pande nyingi za jiji. Polisi wapatao 2,000 na askari wa jeshi 400 waliwangoja. Misafara mingi ilivunjwa kwa virungu na farasi kabla haijafika uwanjani. Watu wapatao 400 walikamatwa, na makumi waliumizwa vibaya. John Burns, fundi wa mitambo, na mbunge Cunninghame Graham walifungwa wiki sita kila mmoja. Siku hiyo Waingereza huiita Jumapili ya Damu. Wiki moja baadaye farasi wa polisi alimkanyaga karani maskini, Alfred Linnell, naye akafa. Maelfu walimzika.

Sasa turudi kwenye swali letu. Je, amri ile ilitoka katika loji? Hakuna haja ya kuitafuta gizani. Marufuku ilibandikwa hadharani ikiwa na jina la Kamishna, serikali ikamuunga mkono, nayo mahakama ikafunga watu mchana kweupe. Waliosimama kwenye kona zile na virungu walikuwa konstebo, watoto wa vibarua kama sisi, si watu wa kualikwa kwenye karamu za loji.

Hatusemi udugu huo si neno. Ofisa akikaa meza moja na tajiri, wakala kiapo pamoja, mfanyakazi ana haki ya kujua. Hata kamati ya Bunge la Uingereza mwaka 1997 ilitaka polisi na mahakimu walio Frimasoni waandikishwe. Lakini anayemaliza jioni nzima akinong'ona juu ya viapo vya usiku, na hajapata kuisoma sheria ya mikutano ya nchi yake, huyo hatumwelewi.

Mwisho wa ukamishna wake una kichekesho. Mwaka 1888 Warren aliandika makala juu ya polisi katika jarida moja bila ruhusa. Waziri akamkumbusha kuwa mtumishi haandiki hivyo. Yeye aliyewafunga watu midomo hakuweza kuvumilia kufungwa wake. Akajiuzulu mwezi Novemba, wakati jiji likimlaumu kwa kumkosa muuaji wa wanawake wa Whitechapel.

Baadaye alitumwa Singapore kuongoza majeshi, na mwaka 1891 akawa mkuu wa loji za sehemu zile. Vita vya Makaburu vilimharibia sifa huko Spion Kop, Januari 1900. Uzeeni alifundisha vijana wa skauti, akafa mwaka 1927.

Huko nyuma, wafanyakazi hawakuuacha uwanja. Burns alitoka jela, na mwaka 1889 akawa mmoja wa viongozi wa mgomo mkubwa wa makuli wa bandari ya London, waliopata senti sita za Kiingereza kwa saa. Mwaka 1892 aliingia Bungeni, na mwaka huohuo waziri mpya Asquith akaruhusu tena mikutano Trafalgar Square, Jumamosi alasiri, Jumapili na sikukuu.