Vumbi la Jiwe Ndani ya Hab

Baiskeli ya mnoa visu sokoni Chwele hukanyagwa kutwa nzima bila kusogea. Gurudumu la nyuma limeinuliwa kwa stendi, na mkanda unazungusha jiwe. Kwa kuwa haibebi gunia la vitunguu wala abiria, wengi hudhani gololi zake zitadumu kuliko za baiskeli ya mizigo. Mimi nasema zitawahi kufa, maana kinachoziua hapa ni vumbi la jiwe, ambalo ni gumu kuliko chuma chenyewe. Likishaingia ndani ya hab, yaani kitovu cha gurudumu, grisi iliyowekwa kulainisha inageuka kuwa tupa.

Shika rimu uitikise kushoto na kulia. Ikicheza, au ukihisi mkwaruzo unapoizungusha polepole, fungua. Tandika kitambaa chini, legeza nati na koni ya upande usio na friwili, kisha vuta ekseli itokee upande wa pili. Kwa kawaida hab ya nyuma ina gololi 9 kila upande, za robo inchi. Osha kila kitu kwa mafuta ya taa, ukaushe.

Sasa tazama koni, maana hapa ndipo wengi hupoteza pesa. Koni haizunguki, kwa hiyo mvuto wa cheni na mkanda huikandamiza sehemu ileile kila siku. Pitisha ncha ya kalamu kwenye njia ya gololi. Ikikwama katika vishimo, nunua koni mpya pia, la sivyo gololi mpya zitaliwa upesi. Badilisha gololi zote. Ukichanganya mpya na kuukuu, zile mpya, zikiwa kubwa kidogo, zitabeba kazi peke yazo na kupasuka. Jaza grisi safi, zipange, na uache mwanya mdogo zisisuguane. Kaza koni kwa vidole hadi iguse, irudishe kidogo, kisha ufunge nati. Gurudumu lizunguke bila kukwama wala kucheza.

Ni kazi ya kumalizwa Julai katika miaka shufwa. Agosti yake Wabukusu wa huku hutahiri vijana wao, mafahali huchinjwa, na visu havingoji.

Jiwe nalo likiwa na beringi ya kufungwa, soma namba ubavuni. 6202 ina tundu la milimita 15, kipenyo cha nje 35 na unene 11. Kwa vumbi hili chagua iliyoandikwa 2RS, yenye mpira pande zote mbili. Kifuniko cha bati cha ZZ hakizibi vya kutosha. Unapoipachika kwenye ekseli, gonga pete ya ndani pekee kwa kipande cha bomba. Ukigonga ya nje, nguvu ya nyundo hupitia kwenye gololi, na beringi mpya huanza kunguruma siku hiyohiyo.